Muuguzi wa Wanyama Anapokabiliwa na Uamuzi Mgumu wa Kimaadili

Ugumu wa kimaadili katika uuguzi wa wanyama hutokana na jambo moja: mgonjwa hasemi, anayemsemea ndiye anayelipa, na anayeamua tiba ni daktari, ilhali muuguzi ndiye anayekesha naye na kuona anavyoumia. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hukumu yoyote, tenganisha unachokiona na unachokihisi. Andika katika chati mnyama amekula kiasi gani, kama anaweza kusimama, anavyoitikia akiguswa penye kidonda, na muda unaopita tangu apewe dawa ya maumivu hadi maumivu yarudi. Kauli kwamba “anateseka” hupingika kwa urahisi; alama za maumivu zilizopanda zamu hadi zamu, zikiwa zimepimwa kwa kipimo kilekile, hazipingiki hivyo.

Katika kupima hali hiyo, zile Haki Tano za Ustawi wa Wanyama, zilizotokana na ripoti ya kamati ya Brambell ya Uingereza ya mwaka 1965, zingali msaada mzuri, ingawa zililenga mifugo: je, mnyama huyu ana njaa au kiu, hana raha, ana maumivu, ana hofu, au amezuiwa kuishi kwa tabia zake za asili?

Ukiona tiba inamwongezea mateso tu, mwendee daktari faraghani, ukiwa na chati na swali badala ya shutuma: “Tunatarajia matibabu haya yamfikishe wapi, na ni dalili zipi zitakazotuonyesha kwamba hayamfai tena?” Swali la namna hii humlazimu kila mmoja, hata muuguzi mwenyewe, kutaja kikomo kabla hakijapitwa.

Kwa mwenye mnyama, usichukulie ukosefu wa fedha kuwa ukosefu wa upendo. Mwombe daktari amweleze njia zote, zikiwemo tiba nafuu, tiba shufaa (ya kupunguza mateso bila kuponya ugonjwa) na kukatisha maisha kwa dawa, ili idhini atakayoitoa iwe ya mtu anayeelewa. Akikuuliza, “Ungekuwa wewe ungefanyaje?”, nawe utaulizwa tu, usimwamulie wala usimkwepe: mweleze ulichokiona katika zamu yako, umuulize mnyama wake alipenda kufanya nini na sasa anaweza kufanya kipi, kisha umwite daktari. Kumnong’oneza ushauri unaopingana na wa daktari humwacha bila wa kumwamini.

Majeraha yasiyolingana na maelezo yaliyotolewa, yanayotia shaka ya ukatili, yaandikwe na kupigwa picha, na maneno ya msimulizi yanukuliwe kama yalivyo. Kisha daktari ajulishwe na sheria ya mahali ifuatwe. Kosa la dawa huripotiwa papo hapo.

Linalobaki ni ombi la kumuua mnyama mzima wa afya. Uliza sababu, na uulize kama anaweza kupatiwa makao mengine. Ikiwa dhamiri yako haikuruhusu kushiriki, mwambie daktari mapema ili mwenzako apangwe, wala usingoje hadi sindano iwe imekwisha kuvutwa dawa.