SOMO: Moyo kulegea baada ya kujifungua, na jinsi ya kumwangalia mzazi nyumbani

Habari zenu wapendwa. Somo hili ni la mwenye mke, dada au binti aliyejifungua, kisha miguu ikajaa, kikohozi kikamshika usiku na akawa hawezi kulala chali. Mtaani ataambiwa ana nimonia, hana damu, au karogwa. Wakati mwingine ni misuli ya moyo imelegea. Huanza kati ya mwezi wa mwisho wa ujauzito na miezi mitano hivi baada ya kujifungua, hata kwa mwanamke ambaye hajawahi kuumwa moyo.

Hatua ya 1: Eko. Anayehema kwa shida akimbizwe kwanza kituo cha karibu chenye oksijeni na sindano ya Lasix (dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo). Akitulia, atafutiwe kipimo cha eko, yaani ultrasound ya moyo, hata kama ni safari ya hospitali ya rufaa. Moyo ukisukuma chini ya asilimia 45 ya damu iliyomo, jibu ni hilo. Kama kuna mbuzi wa kuuza, auzwe kwa ajili ya eko, si kwa mganga.

Hatua ya 2: Dawa. Lasix hutoa maji tu. Zinazoupa moyo nafuu ya kudumu ni enalapril au captopril, carvedilol na spironolactone. Dozi apange daktari. Lasix inywewe asubuhi, la sivyo mgonjwa atakesha chooni.

Hatua ya 3: Daftari. Hapa ndipo familia inapofanya kazi kuliko daktari. Apimwe uzito kila asubuhi, akishakojoa, kabla ya chai, na uandikwe. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, hayo ni maji, rudini kituoni. Hamna mzani? Hesabuni mito. Aliyelala na mto mmoja wiki iliyopita, leo anataka mitatu au anakaa kitako mpaka alfajiri, msingoje miguu ivimbe.

Hatua ya 4: Jikoni. Chumvi ipungue kweli kweli. Wengi huacha chumvi lakini maharage yanapikwa kwa magadi, na magadi yana sodiamu ileile. Ng'onda na vidonge vya mchuzi navyo viwekwe kando.

MASWALI

*Mke wangu miguu imenywea na anapika mwenyewe. Aache dawa?*
Hapana, kaka. Miguu imenywea kwa sababu ya hizo dawa. Eko ya kurudia ndiyo itakayosema, na daktari ndiye wa kuzipunguza.

*Mgongo unamsumbua, tumpe diclofenac?*
Msimpe, wala ibuprofen. Zinazuia maji mwilini na kuumiza figo. Paracetamol inatosha.

*Dada, mama mkwe anauliza mjukuu wa pili lini.*
Shikamoo yake. Mwambie kwa upole: si kabla ya eko na ruhusa ya daktari. Moyo ambao haujarudi sawa unaweza kumuua mgonjwa kwenye mimba inayofuata, na enalapril humdhuru mtoto tumboni. Kwa sasa aulizie kijiti au kitanzi. Vidonge vya majira vyenye estrojeni havimfai, vinaongeza hatari ya damu kuganda. Na mume aende naye kliniki, ayasikie haya kwa masikio yake.