Kusajili wachezaji TFF: anza na vyeti, mfumo baadaye

Mimi ni katibu wa timu ya ligi ya mkoa, chini ya TFF, shirikisho la soka Tanzania. Kila dirisha la usajili likikaribia kufungwa, simu yangu haitulii: "Katibu, mfumo unagoma!" Mara nyingi kinachogoma ni karatasi.

1. Linganisha majina. Kila mchezaji alete cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) kama anayo, na picha ya pasipoti. Weka cheti na NIDA mezani, usome herufi kwa herufi. Kwenye kompyuta, Ramadhani na Ramadhan ni watu wawili. Tarehe za kuzaliwa zikipishana, mrudishe akarekebishe kwanza. Usimchagulie wewe ile inayokupendeza, maana ndiyo rufaa inayokuja kukunyang'anya pointi. Jina la mtaani libaki uwanjani.

2. Muulize ametoka wapi, kisha muulize tena. Winga wetu mmoja aliapa hajawahi kusajiliwa popote. Kumbe alishaandikishwa na timu ya vijana, akasahau. TFF inatumia FIFA Connect, mfumo wa usajili wa mtandaoni, na humo mchezaji hubaki na namba ileile hata akibadili klabu. Huyo hasajiliwi upya, anahamishwa, na klabu yake ya zamani lazima imwachie. Dai barua ya kuachiwa mapema, viongozi wakiwa bado wanapokea simu zako.

Hesabu na klabu za msimu huu pia. Kanuni za FIFA zinaruhusu kusajiliwa klabu tatu kwa msimu, ila kwa kawaida mechi rasmi achezee mbili tu.

Kama alisajiliwa nje, hata ridhaa ya Mombasa au Bujumbura, inatakiwa ITC, yaani hati ya uhamisho wa kimataifa, nayo huombwa kupitia TMS, mfumo wa FIFA wa uhamisho. Akiwa chini ya miaka 18, usimwahidi chochote: uhamisho wa kimataifa umekatazwa isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhama kwa jambo lisilohusu mpira.

3. Mkataba, kama analipwa. Mwisho miaka mitano. Aliye chini ya 18, mitatu.

4. Ingiza, kisha fuatilia. Kujaza ni kazi ya dakika chache. Ila kutuma siyo kuidhinishwa. Ingia kila siku uone kama ombi limerudishwa, kwa sababu likirudishwa siku ya mwisho, huna pa kukimbilia. Leseni za wachezaji zikitoka, zikague picha na majina kabla ya kamisaa wa mechi kukukagulia.