Jinsi ya kulitumia neno "saitokini" ukaeleweka

Hivi karibuni nilimsaidia mwanafunzi wa uzamili kupitia sura yake ya matokeo, na humo alikuwa ameandika: "Saitokini zilipanda kwa wagonjwa." Zipi? Zimetoka wapi? Zimepimwaje? Utaratibu niliompa ni huu hapa, na utamfaa hata anayesoma tu makala za kinga ya mwili.

Hatua ya 1: Hakikisha ni saitokini kweli

Saitokini ni protini ndogo ambazo seli huzitoa ili kuzielekeza seli nyingine, au seli ileile iliyozitoa, zifanye jambo: zigawanyike, zihame, zikomae, zitulie au zife. Bila kushikana na kipokezi chake, yaani protini ya seli inayoipokea, saitokini haiwezi kuielekeza seli. Kingamwili si saitokini. Histamini pia siyo, maana hata protini siyo. Mpaka kati ya saitokini na homoni una matundu. Erithropoietini, inayochochea utengenezaji wa seli nyekundu za damu, huwekwa pande zote mbili. Usipoteze muda hapo.

Hatua ya 2: Tambua kundi, lakini usiiamini namba

Tangu 1969 protini hizi ziliitwa "limfokini", kwa kuwa zilionekana kutoka kwenye limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu. Za monosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, zikaitwa "monokini". Ilipodhihirika kwamba seli zisizo za kinga nazo huzitoa, Stanley Cohen na wenzake walipendekeza "saitokini" mwaka 1974. Mimi hufuta hayo maneno mawili ya zamani kila ninapoyakuta kwenye andiko jipya.

Ndani ya saitokini kuna intaferoni (jina la mwaka 1957, la Isaacs na Lindenmann), intaleukini (kwa kifupi IL; jina lililokubaliwa mwaka 1979), kemokini zinazoita seli zije mahali fulani, kundi la TNF (tumor necrosis factor), na vichocheo vya ukuaji wa seli za damu. Namba ya intaleukini huonyesha zaidi mpangilio wa kupewa jina kuliko undugu. IL-18 na IL-33 ni za ukoo wa IL-1, ilhali IL-2 na IL-15 hutumia sehemu mbili zilezile za kipokezi. IL-8 ni kemokini, na jina lake la kundi ni CXCL8. Ukitaka undugu wa kweli, tazama kipokezi.

Hatua ya 3: Kusanya majina ya zamani

IL-6 iliwahi kuitwa BSF-2 na intaferoni-beta 2. TNF iliitwa pia kakektini. Unapotafuta makala, yatafute yote.

Hatua ya 4: Uliza ni umbo gani limepimwa

Hapa ndipo siku nzima huyeyuka. Jina moja kwenye jedwali linaweza kuficha vitu kadhaa tofauti, kwa hiyo soma sehemu ya mbinu kabla ya matokeo.

Anza na mRNA (nakala ya maagizo ya jeni ya kutengeneza protini) dhidi ya protini yenyewe. Makala ikisema "IL-1β iliongezeka" huku ikiwa imepima mRNA peke yake, bado hujui kama kuna iliyotoka nje ya seli. IL-1β hutengenezwa kwanza kama protini ndefu isiyofanya kazi, kisha hukatwa, mara nyingi na kimeng'enya cha kaspasi-1, ndipo itumike. Seli inaweza kujaa mRNA yake na isitoe kitu.

Halafu kuna vipande. IL-12 kamili imeundwa na vipande viwili vya protini, p35 na p40, vilivyoungana, na huandikwa p70. Lakini p40 hiyohiyo ikiungana na p19 inakuwa IL-23, na seli hutoa p40 ya ziada isiyoungana na p35. Kiti (seti ya vifaa) ya ELISA, kipimo kinachotumia kingamwili kukamata protini, ikiwa inakamata p40 haikupi haki ya kuandika "IL-12" na kuishia hapo. Ndiyo maana pia dawa ya ustekinumab, inayoishika p40, huzuia IL-12 na IL-23 kwa pamoja.

Kuna na dawa. Mgonjwa akipewa tocilizumab, inayoziba kipokezi cha IL-6, IL-6 kwenye damu mara nyingi hupanda, kwa sababu njia mojawapo ya kuiondoa imezibwa. CRP, protini ya ini inayopanda wakati wa inflamesheni (mwako wa kinga mwilini), hushuka. Asiyejua hilo ataandika kwamba tiba imeshindwa, kumbe namba inasema kinyume.

Mwisho, sampuli. Usichanganye serumu (majimaji ya damu iliyokwisha kuganda) na plazma (ya damu iliyozuiwa isigande) katika ulinganisho mmoja: damu ikiganda, chembe sahani humwaga vitu vyake, kemokini ya CCL5 ikiwemo. Damu ikiachwa mezani muda mrefu, seli zilizomo huendelea kutoa IL-8. Gawa sampuli kwenye vichupa vidogo kabla ya kugandisha, ili usiyeyushe chupa ileile mara kwa mara. Ikiwa unatafuta saitokini moja au mbili, napendelea ELISA ya kawaida kuliko paneli za kupima ishirini kwa mkupuo. Paneli hukupa namba nyingi kuliko maswali uliyonayo. Matokeo aghalabu huwa katika pikogramu kwa mililita, na namba za kiti mbili tofauti hazilinganishwi kienyeji.

Hatua ya 5: Chagua kitenzi

Epuka "saitokini mbaya" na "saitokini nzuri". IL-6 huchochea inflamesheni, lakini ikitolewa na msuli unaofanya mazoezi huwa na kazi nyingine kabisa. Andika seli iliyoitoa, seli iliyoipokea na kilichobadilika: "makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) zilitoa TNF, na seli za kuta za mishipa ya damu zikaongeza molekuli za kunasa seli nyeupe." Na "dhoruba ya saitokini" si jina la kila homa kali. Hiyo ni hali ambapo saitokini nyingi hupanda pamoja, mwili mzima unawaka na viungo vinaanza kushindwa. Ukiwa na IL-6 peke yake, andika kwamba IL-6 imepanda, taja kiasi, na taja ilipimwa katika nini.