Kumuuguza nyumbani aliyeumia ubongo: anzeni kwa kupunguza kelele

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, hapa Mombasa, na siku nyingi kazi yangu ni kuzunguka majumbani: leo Kisauni, kesho navuka feri kwenda Likoni, kesho kutwa Mji wa Kale kwenye nyumba za ngazi nyembamba. Wengi ninaowafuata ni vijana walioanguka na bodaboda. Wametoka hospitali wakiwa hai, alhamdulillahi, na jamaa wanadhani kilichobaki ni mifupa kuunga. Lakini ubongo ulioumia huchoka upesi sana, na uchovu wake hauonekani kwa macho. Makosa mengi ninayoyakuta nyumbani yametokana na mapenzi: watu wanampenda mpaka wanamchosha.

Hatua ya 1: Kabla ya kutoka wodini

Usiondoke na karatasi usiyoielewa. Uliza kila dawa ni ya nini na inanywewa saa ngapi. Omba uonyeshwe jinsi ya kumwinua, kisha umwinue wewe mwenyewe huku wauguzi wakitazama. Na uliza kama anameza sawasawa. Swali hili husahaulika sana.

Hatua ya 2: Chumba

Kama nyumba ni ya ghorofa, mpe chumba cha chini, karibu na choo, mbali na barabara. Ondoa mikeka inayoteleza. Weka saa kubwa na kalenda mahali anapoziona akiwa amelala, na usiku acha taa ndogo.

Kama hawezi kujigeuza, mgeuzeni kila baada ya saa 2, mkikagua visigino, nyonga na makalio. Mkiona wekundu au weusi usioondoka, msimlaze tena upande huo, na mtoe habari hospitali. Na mkono uliolegea msiuvute kamwe mnapomwinua, kwani bega huteguka. Mshikeni kiunoni.

Hatua ya 3: Chakula

Mketishe wima, kidevu kikiinama kidogo. Kijiko kidogo, ameze, ndipo kije kingine. Zima televisheni, na asisemeshwe akiwa na chakula mdomoni. Akimaliza, abaki ameketi dakika 30.

Wengi hudhani maji ndiyo mepesi kumeza. Kwa mgonjwa huyu mara nyingi ni kinyume: maji na chai hukimbia kabla koo halijajiandaa, yakaingia mapafuni, ilhali uji mzito huteremka taratibu. Mahamri makavu na samaki wa miba wasubiri. Akikohoa anapokula, au sauti ikawa kama yenye maji ndani, simamisha. Homa ikifuatia, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo.

Hapa niseme na wazee wangu kwa heshima. Sina pingamizi na kisomo. Nimeona sauti ya Qur'ani ya taratibu ikimtuliza mgonjwa aliyekuwa akitapatapa. Lakini kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, ni maji tu, nayo hupita njia ile ile. Mpaka athibitishwe kuwa anameza vizuri, mwosheni nalo badala ya kumnywesha. Moshi wa kufukiza usiingie chumbani mwake. Na dawa za kuzuia kifafa zisikatizwe bila daktari, hata akionekana mzima.

Hatua ya 4: Wageni na mazungumzo

Hili ndilo linaloniumiza zaidi. Shangazi anaingia, anamwinamia: “Wanijua? Mimi nani? Nitaje jina!” Anafuata ami, naye anauliza vivyo hivyo. Kwa mgonjwa huo ni mtihani, mbele ya watu kumi, akiwa na ubongo uliojeruhiwa. Akikosea, wanaangua kilio pale pale. Akifumba macho, wanasema ana kiburi au amerogwa. Amechoka tu.

Jitajeni wenyewe: “Mimi shangazi yako, nimekuja kukuona.” Kisha nyamaza, uhesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kuongeza neno. Sentensi moja, jambo moja. Badala ya “Utakula nini?” muulize “Uji au ndizi?”

Wageni wasizidi wawili, dakika 15, baada ya yeye kupumzika. Najua kwetu kumrudisha mgeni ni aibu. Mama mmoja wa Majengo alilitatua vizuri: alimweka kaka yake barazani na birika la kahawa. Kila aliyekuja alikaribishwa, akaombwa dua, akaambiwa mgonjwa amelala. Hakuna aliyeondoka na kinyongo, na baada ya wiki moja kijana alianza kukaa macho muda mrefu zaidi.

Hatua ya 5: Afanye mwenyewe

Mambo yafuatane vilevile kila siku: kuoga, kula, mazoezi, kulala. Anayesahau husaidiwa na mazoea. Akivaa shati, mkono dhaifu utangulie kuingia. Akivua, utoke mwisho. Akichukua dakika 20, mwachieni dakika 20. Kumvalisha haraka ni kumnyang'anya zoezi.

Hatua ya 6: Hasira

Anaweza kukutukana matusi ambayo hajawahi kuyatamka maishani. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayotuzuia kusema kila kinachotujia, na mara nyingi ndiyo iliyogongwa. Usibishane naye. Punguza sauti, toa watu, kisha tazama: ana njaa, maumivu, mkojo, usingizi? Kumfunga kamba kunazidisha hofu, na hofu inazidisha fujo.

Hatua ya 7: Dalili za kukimbilia hospitali

Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika mara kwa mara, usingizi usioamshika, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, au udhaifu mpya wa upande mmoja: msingoje asubuhi.

Akishikwa na kifafa, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na utazame saa. Kikipita dakika 5, au kikirudi kabla hajazinduka, mpelekeni mara moja.

Hatua ya 8: Wewe unayeuguza

Gawaneni zamu, tena kwa majina na siku, kwa sababu “sote tutasaidia” huishia kwa mama au dada mmoja. Liwepo pia daftari moja la wote: alilala saa ngapi, alikula nini, kipi kilimkasirisha, kipi kipya alichofanya. Siku ya kliniki libebeni, mumwonyeshe daktari hata kurasa za siku mbaya.