Jinsi ya kuleta kitu kipya kwenye biashara yako bila kuunguza mtaji

Watu wakisikia neno ubunifu wanawaza apu, roboti na vijana wa kompyuta, alafu wanaweka simu mfukoni wanarudi kuuza kama jana. Mi nauza nyanya. Nina genge la mbogamboga karibu na kituo cha daladala hapa Dar, na haya ninayoandika nimeyajaribu kwa hela yangu mwenyewe, mengine yakanila.

Kwanza kabisa usikae chini kuwaza aidia. Kaa uangalie wateja wako wanavyohangaika, maana mtu akiwa na shida hakusubiri we ubuni, anajitafutia njia yake ya kienyeji, na hiyo njia yake ndo inakuonyesha hela ilipo. Chukua M-Pesa. Ilivyoanza kujaribiwa Kenya mwaka 2005 lengo lilikuwa watu waliokopa kwenye taasisi ya mikopo midogo wapokee mkopo na kurejesha kwa simu, basi. Ila wale wa majaribio wakaanza mambo yao, huyu anamtumia ndugu yake hela, yule anaweka hela kwenye simu kabla ya safari anakuja kuitoa akishafika ili asitembee nayo njiani, wengine wanalipana kwenye biashara zao. Wenye mradi wangeweza kusema jamani mnatumia vibaya. Hawakusema hivyo, Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, walivyoizindua Machi 2007 habari ya marejesho ikawekwa pembeni, tangazo likawa tuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata na sisi tukaipata kupitia Vodacom. Na tusijisahau, kabla ya hapo si tulikuwa tunampa konda wa basi bahasha ya mama kijijini? Au unakwangua vocha unamsomea mtu namba kwenye simu akaiuze huko aliko apate cash. Shida ilikuwepo miaka yote na watu walikuwa wanajitibu wenyewe.

Kwaiyo nunua daftari, hata lile la mia tano. Kwa wiki mbili andika mambo matatu: mteja kaulizia nini ambacho huna, kalalamikia nini, na kafanya nini cha ajabu na bidhaa yako. Hilo la tatu usilidharau.

La kwangu lilisema hivi. Kina mama wanaoshuka daladala saa moja jioni wote wanataka kitu kilekile, nyanya nne, kitunguu, karoti, hoho, swaumu kidogo. Wote wana haraka. Nikianza kuchagua na kupiga hesabu foleni inakua, wa nyuma anaangalia saa anaondoka zake. Nikaandika siku sita mfululizo, kila jioni wanaondoka watatu wanne hivi.

Nikasema nitengeneze fungu la mchuzi, buku moja, kila kitu kimo. Sasa hapa ndo nikajifanya mjanja, nikaona ngoja niwakatie kabisa wakifika nyumbani ni kukaanga tu. Nikakatakata mafungu kumi, nikapanga kwenye visahani. Kufika saa moja nyanya zimetoa maji, karoti zimekauka juu, mama mmoja akagusa kwa kidole akaniuliza "hivi vya lini dada?" Nimekata saa kumi mimi! Yakauzika matatu, saba tukala nyumbani, watoto mpaka leo wananicheka.

Kesho yake nikamuuliza yule mama kwa nini hakununua. Akanijibu kukata anakata mwenyewe dakika tano, anachochoka ni kusubiri. Unaona? Mimi nilitatua shida ambayo hana. Nikapanga mafungu mazima bila kukata, mteja anatoa buku, namwagia kwenye kikapu chake, anaondoka. Siku hiyo kumi yote yaliisha kabla ya saa mbili.

Kutokana na hilo nashauri vitu viwili. Jaribu kwa kidogo kinachoweza kuliwa nyumbani kikikataliwa, na kabla hujaanza panga kikomo cha hasara, mi nilijiwekea elfu ishirini, ikifika hapo naacha hata kama moyo unauma. Alafu usipime kwa sifa. Shoga zako watakwambia wazo zuri, shemeji atasema utatoka kimaisha, hizo hazinunui nyanya. Hesabu waliotoa hela, na zaidi hesabu waliorudi mara ya pili.

Kuiga nako watu wanakuogopa bure. Lile jiko la mkaa lenye udongo ndani na kiuno katikati, wengi tumelikuta nyumbani tukadhani ni la babu zetu, kumbe wazo lake lilitoka Thailand, mafundi na wataalamu wa Nairobi wakaligeuza miaka ya 1980 mwanzoni. Ya mwanzo udongo ulikuwa unapasuka, wapishi wakalalamika, likarudi kwa fundi, likabadilishwa tena. Mafundi wa Shauri Moyo, hukohuko Nairobi, waliokuwa wanafua majiko ya bati ya kawaida wakalichukua, fundi bati anafua bati, mfinyanzi anachoma udongo, kila mtu na riziki yake. Na mkaa unaungua kidogo kuliko jiko la bati tupu, kwaiyo mama anaokoa hela na miti nayo inapumua. Kwaiyo ukiona kitu kizuri Kariakoo au huko mtandaoni, kiige, ila kirekebishe kwa mpishi wako wewe, usikibebe kama kilivyo.

Kuna wakati kitu chenyewe kizuri ila njia ya kukiuza ndo mbovu. Dk. Askwar Hilonga wa Arusha alitengeneza chujio la maji la mchanga pamoja na teknolojia ya nano, yaani chembe ndogo kabisa zisizoonekana kwa macho, unajua maji ya kule na floraidi yake inavyochafua meno. Mwaka 2015 akashinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Lakini tuzo haimpi mtu wa kijijini hela ya chujio, kwaiyo vikawekwa vituo, chujio linakaa sehemu moja na watu wananunua maji. Bidhaa yako ikiwa ghali jiulize kama inaweza kukodishwa, kupimwa kidogokidogo, au kulipwa kwa siku.

Alafu angalia unamuumiza nani, hili watu wengi wanaliruka. Pembeni yangu kuna mzee anauza vitunguu tu chini kwenye kiroba, fungu langu lilivyoshika kasi wateja wake wa jioni wakapungua na salamu zikawa fupi. Nikaongea nae, sa hivi vitunguu vyote vya mafungu nachukua kwake kwa bei ya jumla. Faida yangu imepungua kidogo, ila ananilindia genge nikienda sokoni alfajiri.

Makaratasi usianze nayo, ila usiyasahau. Ukianza kusindika, achali, pilipili ya chupa, siagi ya karanga, nenda SIDO ya mkoa wako, lile shirika la viwanda vidogo, wana mafunzo, na TBS, shirika la viwango, uulize viwango mapema kabla hujachapisha lebo elfu moja. Jina la biashara unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na kama umetengeneza mashine au kifaa kweli kipya waulize hao hao habari ya hataza, yaani haki ya mgunduzi ili wengine wasimuibie, kabla hujakianika wasap.

Daftari la wiki hii lina watu sita wameulizia fungu la pilau. Viungo mi sivijui sana, sijui hata iliki inakaa siku ngapi bila kupoteza harufu, kwaiyo Jumamosi natengeneza matano tu.