Taa za LED za trela zinasumbua? Anza na arthi

Jamani kabla hujang'oa taa za trela ukanunue zingine, angalia arthi kwanza (ile njia ya umeme kurudi kwenye negativu ya betri), maana huku Mombasa chumvi ya bahari haiachi kitu, na trela ya boti ndo mbaya zaidi vile inaingizwa majini kila saa. Dalili yake hii hapa: unakanyaga breki na indiketa nazo zinawaka kidogo, ama ukiwasha zote pamoja zinafifia.

Chukua waya mrefu, upande mmoja ushike negativu ya betri ya gari, ule mwingine uguse waya ya arthi ya taa yenyewe, mara nyingi ni ile nyeupe. Zikiwaka vizuri basi ushajua ugonjwa uko wapi. Fungua nati inayoshika arthi kwenye chesi (fremu ya chuma ya trela), utakuta kutu na ule ukijani kwenye shaba, piga msasa mpaka chuma king'are, na waya ukiwa mweusi ndani kata mpaka ufike shaba safi, usionee huruma, halafu funga upake grisi. Pini za plagi zisugue vilevile.

Kama arthi iko sawa lakini indiketa inapiga mbio mbio, hapo taa ni nzima, LED inakula umeme kidogo sana mpaka flasha (kile kidude kinachofanya indiketa iwake na kuzima) inadhani balbu imeungua, so weka flasha ya LED.

Na tafadhali, taa za volti 12 usizifunge kwa lori la volti 24, utazichoma.