Kamera mpya Mbeya: nini cha kununua kwanza, na pa kujifunzia

Umeshanunua kamera, hela imebaki kidogo, na muuzaji anakujazia kaunta: flashi, tripodi, filta, mikoba. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu huwa nawaambia waanze na kile ambacho kikikosekana kazi inasimama.

Hatua ya 1: Memori kadi

Chukua mbili za GB 64 badala ya moja ya GB 128. Ikifa moja katikati ya send-off, nusu ya kazi bado unayo. Tafuta alama ya V30, yaani kadi inaandika angalau MB 30 kwa sekunde muda wote wa kurekodi video. Kisha ijaribu, maana kadi feki zimezagaa. Zinachezewa zionekane ni GB 256 kumbe ujazo wake ni mdogo mno, na ubaya wake ni kwamba picha za mwanzo zinafunguka vizuri tu. Balaa linaanza ukishapita ujazo halisi. Ichomeke kwenye kompyuta ikiwa tupu, uendeshe programu ya bure: H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux au Mac. Inaijaza kadi yote, halafu inasoma tena ilichoandika. Inachukua muda, kanywe chai. Ikionyesha makosa, rudi dukani siku hiyohiyo na risiti yako. Ikifaulu, ifomati ndani ya kamera yenyewe.

Hatua ya 2: Betri ya akiba

Juni na Julai, alfajiri ya Kitulo, kule nyanda za juu, betri iliyojaa inaweza kushuka ghafla kwa sababu baridi inaidhoofisha. Ya akiba iweke mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Iliyozimika nayo ipashe humohumo. Mara nyingi inaamka kidogo.

Hatua ya 3: Vumbi na unyevu

Nunua kipulizio cha mpira na kitambaa laini cha kufutia lenzi. Puliza kwanza, ndipo ufute, la sivyo unasugua kioo kwa mchanga. Usipulize kwa mdomo, mate yanarukia lenzi. Ukitoka kwenye baridi kuingia nyumba yenye jiko la mkaa, usifungue mkoba mpaka kamera ipate joto taratibu, vinginevyo inatoa jasho. Walioko Tukuyu wanajua mvua yao: lenzi ikisahaulika kabatini inaota kuvu. Kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vipakiti vya silika jeli, vile vinavyonyonya unyevu, linatosha kabisa.

Hatua ya 4: Vingine visubiri

Filta, yaani kioo cha kufungia mbele ya lenzi, ukinunua, soma namba iliyo mbele ya lenzi baada ya alama ya Ø, kwa mfano 58. Hicho ndicho kipimo chake kwa milimita. Tripodi nyepesi za bei chee sizipendi. Upepo wa mlimani unazitikisa na picha inatoka na ukungu.

Hatua ya 5: Kujifunza

Anza na kitabu cha maelekezo cha kamera yako. Wengi hawakifungui. Kipakue mara moja kwenye tovuti ya mtengenezaji, kikae kwenye simu, usome kamera ikiwa mkononi. YouTube tafuta kwa jina la modeli yako, na usifungue video ya pili kabla hujafanyia mazoezi ya kwanza. Bando lenyewe ghali.

Zoezi la kuanzia: weka modi ya A (Canon wanaandika Av), ambayo wewe unachagua uwazi wa tundu la lenzi na kamera inapanga kasi, mkalishe mtu mwenye nguo nyeupe karibu na dirisha, umpige akijaza fremu. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza, uso unakuwa mweusi tii. Ndiyo maana mabibi harusi wanalalamika. Tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, ongeza mpaka +1, piga tena, linganisha. Halafu mbadilishie suti nyeusi, uende upande wa kutoa.

Ukishamudu hilo, mwombe mpiga picha wa mtaani kwako umbebee mikoba kwenye kipaimara au mahafali. Kozi za kulipia ziache mpaka uwe na swali ambalo kitabu kimeshindwa kulijibu.